Chenji ya hela ambayo hatukuitoa (uzi wa maduka ya mtaani, Mbeya hadi Iringa)

Kijana wa Isanga (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, rika langu habari za jioni.

Nyuzi za maduka ya mtaani zipo nyingi, na karibu zote zinaongelea mtaji: milioni ngapi zinatosha kuanzia, friji ya soda inapatikanaje, unga uagize wapi. Ni nyuzi nzuri, nimejifunza mengi. Mimi nina jambo la upande wa pili wa dirisha, upande wa mtoto anayetumwa.

Nimezaliwa Isanga, hapa Mbeya mjini. Baba alikuwa utingo wa malori ya Dar na Tunduma. Mwaka 2001, nikiwa darasa la tatu, aliumia mgongo akakaa nyumbani miezi kumi na moja. Kazi ya utingo mnaijua: lori likishaondoka na mtu mwingine, na kazi imeondoka nalo. Mama akabaki na meza yake ya mboga Sokomatola, sisi watoto wanne, na mgonjwa ndani.

Duka letu lilikuwa la mama mmoja wa Kikinga, kwao Makete. Dirisha la nondo, chini yake uwazi wa kupitisha mkono, ubao wa mbele umelainika kwa viwiko vya watu. Mizani ya mawe. Ndoo ya mafuta ya kula ya kupima. Mafuta ya taa yalikaa nje kwenye pipa dogo lenye pampu, harufu isije ikaingia kwenye unga. Ukutani kibao: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Kila mtu anakijua kibao hicho, na kila mtu anajua kwamba nyuma ya kibao kuna daftari.

Mama alikuwa ananipa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Nafika dukani saa kumi na mbili jioni, pamejaa. Najipenyeza, nanyoosha mkono. Yule mama anakifungua, anasoma, anapima: unga kilo mbili, sukari robo, mafuta kidogo kwenye chupa yetu, kiberiti. Halafu anavuta droo, anahesabu sarafu, ananiwekea kiganjani na kusema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Shika chenji yako mwanangu, mia mbili hamsini, usidondoshe njiani."

Chenji! Nami sikuwa nimetoa hata senti tano.

Mara ya kwanza nilidhani amekosea. Nilikimbia nyumbani kama niliyeokota pochi. Mama alizitazama zile sarafu, akanyamaza, akaziweka kwenye kikombe cha bati juu ya kabati. Akasema: "Hizi usiziguse. Na usimwambie mtu." Kesho yake alfajiri, akienda sokoni, alipita nazo dukani kabla watu hawajaamka, akazirudisha.

Ikawa hivyo miezi yote ile. Jioni chenji inakuja, asubuhi chenji inarudi. Mimi nilikuja kuelewa nikiwa kidato cha pili. Pale dirishani walikuwa wanasimama majirani, na watoto niliokaa nao dawati moja. Bidhaa ikitoka bila hela kuingia, watu wanaona. Lakini chenji ikitoka, kila aliyepo anajua mtoto kaja na noti.

Neno ninalolipata ni moja tu: alitusitiri. Kukopesha wanakopesha wengi. Ninachokiwaza mimi ni jinsi unavyokopeshwa.

Wa Mbeya, Rungwe, Njombe, Iringa, Songwe, njooni mseme. Nani aliwahi kuwasitiri, na alifanyaje?

Mnyaki wa Ikuti

Ndaga fijo mkuu. Umenitoa machozi na niko kazini.

Mimi natokea Kyela, nilisoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya. Tulipanga geto Ikuti watu watatu, na wote watatu tulikuwa tunategemea bumu, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi. Bumu likichelewa wiki tano, ndipo unajua chuo kina masomo ambayo hayapo kwenye ratiba. Kulikuwa na mama mwenye kiduka karibu na geto letu, anauza mchele, maharage, mkaa wa kopo, vocha. Hakuwahi kutuuliza "mtalipa lini". Alikuwa anauliza, "Mtihani lini?" Ukimjibu keshokutwa, anaongeza na mshumaa, maana umeme ulikuwa unakatika sana kipindi hicho.

Nilimaliza mwaka wa mwisho nikaondoka nadaiwa. Sikukimbia, Mungu ananiona. Niliondoka ghafla kwa msiba wa nyumbani, na baadaye aibu ikanizuia kupiga simu. Miaka minne! Nilipopata kazi, kitu cha kwanza nilichotafuta ni namba yake. Nikamwambia, mama, mimi ni yule wa geto la mlango wa kijani, nadaiwa elfu kumi na saba na mia nne. Akasema subiri. Nasikia anapekua. Anarudi kwenye simu: "Baba, ni elfu kumi na sita na mia tisa." Nikatuma 17,400 hivyo hivyo pamoja na ya kutolea. Dakika kumi hazijaisha, simu inalia: amenirudishia mia tano.

Nikampigia, mama hii si ya soda tu? Akajibu, "Ya soda ungesema ya soda. Hii umesema ya deni, na deni siyo hilo."

Sijawahi kukutana na mtu mwaminifu kuliko huyo, na nimefanya kazi ofisi tatu.

Mtu wa Soweto

Nimesoma kwa heshima, ila lazima kuwe na sauti nyingine kwenye uzi huu.

Si kila dirisha lina mama wa Makete. Mtaa niliokulia mimi, hapa hapa Mbeya, mwenye duka alikuwa na kipande cha boksi amekibandika mlangoni, kimeandikwa kwa wino mwekundu "WADAIWA SUGU". Jina la mama yangu lilikuwa la tatu. Deni lilikuwa la sabuni na chumvi. Alikuwa anadaiwa kweli, sikatai. Lakini mama yangu alikuwa mwalimu wa watoto wa Jumapili, na watoto wale ndio waliokuwa wanajifunzia kusoma kwenye lile boksi.

Kwa miezi alizunguka njia ya nyuma, kwenye matope, asipite mbele ya duka. Deni alilipa. Boksi lilikaa wiki mbili zaidi kwa sababu mwenye duka alisema bado hajapata muda wa kuandika jingine.

Kwa hiyo mimi leo nanunua kwa lipa namba kwenye duka kubwa ambalo hakuna anayejua jina langu, na nina amani.

Kijana wa Isanga (mleta uzi)

Mkuu wa Soweto, pole sana, na asante kwa kusema. Hujapingana na mimi hata kidogo. Mwenye duka wa kwenu na wa kwetu walikuwa na kitu kimoja mkononi: walijua nani ana nini ndani. Hakuna mtu mtaani anayejua umaskini wa watu kama mwenye duka. Mchungaji hajui, balozi wa nyumba kumi alikuwa hajui. Mwenye duka anajua nani amehama kutoka sukari nusu kilo kwenda robo, nani siku hizi anaulizia dagaa badala ya nyama, nani mwezi mzima hajanunua mafuta ya kupaka. Siri zote zile zinapita kwenye dirisha lile dogo. Halafu yeye ndiye anaamua azifanyie nini.

Mama yako hakustahili boksi lile.

Mama Duka, Mlowo

Habari zenu wanangu. Mimi huwa nasoma tu, leo nimeona niandike maana mnaongelea kazi yangu.

Nina duka Mlowo, Mbozi, mwaka wa kumi na tisa huu. Zamani tulikuwa Mbeya, tangu 2016 tunaitwa mkoa wa Songwe, ila wateja ni wale wale. Nataka mjue na upande wa ndani ya nondo.

Kwenye kilo ya sukari nabaki na shilingi mia mbili, siku nyingine mia. Mtu akiondoka na kilo mbili hazikulipwa, tuseme elfu sita, inanibidi niuze kilo thelathini nyingine ili nirudi pale nilipokuwa. Thelathini! Na siyo kupata faida, kurudi tu. Watu wanane wakifanya hivyo kwa pamoja, rafu zinabaki na viberiti. Nimeona maduka yakifa hivyo, na mwenye duka akawa mkopaji kwa jirani yake. Kwa hiyo mkimwona mwenye duka amekunja uso, msidhani hana moyo. Anahesabu.

Daftari langu lina msimu. Huku kwetu mvua ni moja, Novemba mpaka Aprili. Januari watu wamemaliza hela kwenye mbegu, mbolea na ada. Februari gunia la mahindi la ndani limeisha na ya shambani hayajakomaa. Hapo ndipo daftari linajaa, kurasa na kurasa, mpaka mahindi mabichi yaanze kutoka. Halafu Juni, Julai, watu wanavuna, kahawa inachumwa, hela zinaanza kuingia, na mimi nakaa na kalamu nyekundu nafuta. Mkulima wa kahawa akiniambia "nitakulipa malipo ya pili yakitoka", najua maana yake, maana hata mume wangu anauza kahawa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Benki inataka marejesho ya kila mwezi. Mwezi wa pili mkulima analeta nini? Mimi namsubiri mpaka shamba limlipe.

Na mimi nasubiriwa. Nachukua mali kauli kwa mwenye jumla pale barabarani, katoni za sabuni, mafuta, unga, hakuna karatasi niliyosaini. Kauli tu. Nikivunja kauli mara moja, duka limefungwa. Kwa hiyo ninapompa mtu, nampa kitu ambacho na mimi nimepewa kwa kuaminiwa.

Kuhusu kusitiri: mimi siandiki majina. Nina kijana ananisaidia dukani, na vijana wana midomo. Naandika alama. Kuna "mti", kuna "baiskeli", kuna "mlango wa bati". Hata daftari likidondoka barabarani, mtu ataona mti anadaiwa sukari.

Ila kuna waliohama usiku. Wapo. Mmoja alinidai undugu kabisa, akaniita dada, akaondoka na elfu arobaini na mbili. Nilifunga kukopesha miezi mitatu. Mwezi wa nne akaja mama mjamzito na chombo mkononi, nikafungua daftari.

Mzee wa Mlandege

Kamwene. Nawasalimu kutoka Iringa.

Nimeishi miaka ambayo duka lenyewe lilikuwa habari. Mwaka 1976 nilikuwa kijana, nakaa upande wa Ifunda. Ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili yaje ya ujamaa. Duka la ushirika likafunguliwa kijijini, kuta nzuri, rafu tupu. Baada ya Vita vya Kagera hali ikawa ngumu zaidi. Sukari, sabuni, chumvi, khanga, vyote foleni. Watu walikuwa wanaweka mawe kwenye foleni kuwakilisha miili yao, wao wakaenda shambani. Hakuna aliyeondoa jiwe la mwenzake. Vijana mkisikia habari za uaminifu, kumbukeni na yale mawe.

Aliyekuwa anauza duka la ushirika alikuwa jirani yetu. Mke wangu alijifungua mwaka 1983, mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi. Uji wa mzazi bila sukari, mnajua wenyewe. Yule jirani alikuja usiku, akapita nyuma, akaacha kifurushi kwenye kizingiti. Nusu kilo. Hakugonga. Wakati huo kuficha bidhaa chini ya kaunta ilikuwa ni kesi, na wapo walioficha magunia kwa magunia wakiuza kwa bei ya kulangua. Yeye alificha nusu kilo, na hela yake niliilipa kesho yake kwa bei ya serikali, senti kwa senti.

Sikuwahi kumwambia asante kwa maneno. Isingekuwa busara. Nilimpelekea gunia la viazi, akalipokea, basi.

Binti Njombe

Shikamoo mzee. Mawe ya foleni sijawahi kuyasikia. Asante kwa kutuwekea humu.

Mwanjelwa Asilia

Wakuu, mimi niseme ya soko.

Baba alikuwa na kibanda cha mchele na maharage Mwanjelwa. Mchele anachukua Ubaruku, maharage kwa watu wa Mbozi. Soko likaungua mwaka 2006. Waliokuwepo Mbeya wanakumbuka ule moshi. Tulifika tukakuta bati zimejikunja na harufu ya maharage yaliyoungua, harufu ambayo mpaka leo nikiipata jikoni natoka nje.

Daftari la madeni lilikuwa ndani. Kwa hiyo baba alipoteza mara mbili: mali iliyokuwepo, na mali iliyokuwa mikononi mwa watu. Hakuwa na ushahidi wowote wa nani anadaiwa nini.

Siku ya tatu akaja mama lishe mmoja. Akasema, "Baba, mimi nilikuwa na sado mbili za mchele." Akatoa nusu ya hela, akasema nusu Jumamosi. Akaja mwingine. Akaja mpishi wa shule moja, yeye alikuwa na deni kubwa kuliko wote na ndiye aliyekuwa na sababu ya kunyamaza. Sitasema walikuja wote. Baba alikadiria kama theluthi hawakuja, na alikuwa anawajua, na tulikuwa tunakutana nao kanisani. Hakuwahi kuwauliza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilitaka awaulize. Akaniambia moto umewapa msamaha, mimi nani niwanyang'anye.

Lakini kilichomwinua baba ni mwenye jumla. Baba alikuwa na gunia kumi na mbili za mali kauli kutoka kwake, zote majivu. Alikwenda kumwambia kwamba atauza kiwanja chetu ili amlipe. Yule mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Mali imeungua, kauli haijaungua." Akampa gunia sita nyingine siku hiyo hiyo. Zile kumi na mbili baba alizilipa kwa miaka miwili na nusu, kidogo kidogo, na kiwanja ndicho ninachokaa leo.

Mwaka 2017 soko la SIDO nalo liliungua, na baba alikuwa ameshastaafu. Asubuhi alivaa koti akaenda kukaa na vijana waliounguliwa. Hakuwa na hela ya kuwapa. Alikwenda kukaa tu, maana alijua ile siku ya kwanza ikoje.

Dada wa Kihesa

Mimi nilikuwa nasitasita kuandika, ila Mtu wa Soweto amenipa ujasiri.

Mwaka juzi nilikopa kwenye programu moja ya simu. Elfu themanini, ada ya mtoto. Siku saba. Ukiipakua inaomba ruhusa ya kuona namba zako zote, nawe kwa shida uliyonayo unabonyeza ndiyo. Nilichelewa siku mbili. Siku ya pili jioni ujumbe ukaenda kwa kila mtu aliyekuwa kwenye simu yangu: baba mkwe, mwalimu wa kwaya, fundi bomba, wote. Jina langu kamili, picha yangu, na neno "tapeli". Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo, ikazipiga marufuku kwa kutokuwa na leseni. Nilifurahi, ila mimi nilikuwa nimeshavuliwa nguo.

Watu walipiga simu. Wengine kunipa pole, wengine kuhakikisha. Mama wa duka ninakonunua hapa Kihesa naye namba yake ilikuwemo, kwa hiyo naye alipata. Najua alipata, maana nilikuja kuuona ule ujumbe kwa mwanawe.

Siku tatu sikutoka nje. Ya nne ikabidi, mtoto hana maziwa. Nikaenda nimejifunika khanga mpaka usoni. Watu wawili walikuwepo. Nikasema taratibu, mama nipe unga na maziwa, ila... Hakunisubiri nimalize. Akapima, akafunga, akasema, "Karibu tena mwanangu," akaandika kwenye daftari lake chini ya kaunta nisione hata mkono ukiandika.

Alikuwa ameshasoma kwamba mimi ni tapeli, na akanikopesha. Hajawahi kutaja jambo lile hadi leo. Nilipolipa, alifuta, akaniuliza kama mtoto ameanza kutembea.

Mtu wa Soweto

Dada, pole. Nimesoma mara mbili.

Basi naongeza kitu ambacho sikukiandika mwanzo. Baada ya lile boksi, mama alianza kununua kwenye genge la bibi mmoja wa Kinyakyusa, mbali kidogo, karibu na Mafiati. Ndizi na maharage. Alikuwa anatembea dakika arobaini kwenda na kurudi ili tu asipite kwenye boksi. Yule bibi alimuuliza siku moja, mbona unatoka mbali hivi, mboga huko kwenu hakuna? Mama akasema zipo ila za kwako ni nzuri. Tangu siku hiyo bibi akawa anaongeza ndizi tatu juu ya kila mkungu, kila mara, na anasema, "Hizi za miguu."

Nilikuwa nimesahau. Ni wewe umenikumbusha.

Binti Njombe

"Za miguu." Bibi alijua kila kitu huyo.

Mimi nina swali kwa mleta uzi. Zile sarafu, miezi kumi na moja, kikombe kiko juu ya kabati, watoto wanne ndani ya nyumba. Hamkuwahi kuchukua hata moja? Kule kwetu Njombe mwezi wa sita, baridi lile, andazi la moto lingenishinda.

Kijana wa Isanga (mleta uzi)

Binti Njombe, umeuliza nilichokuwa nakizunguka tangu mwanzo. Nilichukua. Hamsini.

Ilikuwa Juni, baridi la Mbeya mnalijua, na njiani kutoka dukani palikuwa na mama anakaanga maandazi. Nilisimama. Mkononi nina mia mbili ya sarafu. Nikala andazi moja la hamsini, nikafuta mdomo kwa sweta, nikafikisha mia na hamsini.

Mama hakuwa anajua chenji ni shilingi ngapi, maana kiasi alikuwa anakiamua yule mama wa dukani. Kwa hiyo jioni ile nilipona. Asubuhi alivyorudisha, hakuna aliyesema kitu. Lakini mama wa dukani alikuwa anajua alichonipa. Jioni iliyofuata nilipokwenda na kikaratasi, akanipimia kama kawaida, akanipa chenji kwa sauti kama kawaida. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ukimaliza kupeleka, rudi peke yako."

Nilirudi miguu inatetemeka. Watu walikuwa wameshaondoka, taa ya chemli imewashwa. Akanipitisha mlango wa pembeni. Sikuwa nimewahi kuingia ndani ya duka. Akafungua daftari, akageuza kurasa mpaka mwisho kabisa, ukurasa mweupe. Akaandika tarehe. Akaandika jina langu, langu mimi. Akaandika: andazi, 50. Akaniuliza, "Ni kweli?" Nikasema kweli. "Utalipa lini?" Nikasema Jumamosi.

Hakunipiga, hakuniita mwizi, na kwa mama hakusema. Aliniandika kama anavyowaandika watu wazima.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mparachichi. Niliokota yaliyodondoka, nikayauza shuleni shilingi kumi kumi. Matano. Jumamosi asubuhi nikapeleka sarafu zangu, akazihesabu zote kana kwamba ni za mwenye jumla, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari, akanigeuzia daftari nione. Mama nilimwambia mwenyewe nikiwa kidato cha nne. Alikuwa anajua. Sijui aliambiwa na nani, na yeye hakusema.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikwenda Isanga kumwona yule mama wa dukani. Duka sasa linaendeshwa na mkwe wake, namba ya kulipia imebandikwa kwenye nondo zile zile. Yeye anakaa nje kwenye kigoda, anaota jua, amejifunika mablanketi mawili. Miguu inamsumbua. Aliniuliza habari za mama, kama bado anauza mboga, kama mgongo wa baba ulitulia. Nikamwambia baba tulimzika 2015. Akasema alisikia, akanipa pole tena.

Nikamuuliza habari ya chenji, aliwaza nini siku ya kwanza. Alinitazama muda, akasema, "Palikuwa na watu wengi jioni ile." Basi. Hakuongeza.

Nikamuuliza kama madaftari ya zamani yapo, nilitamani kuuona ule ukurasa wangu. Akacheka. Akasema kila deni la ukurasa likiisha lote, alikuwa anauchana ukurasa anautia kwenye jiko, anachemshia chai. Kila ukurasa. Nikamwambia si angefungia karanga, maana karatasi ilikuwa ya shida. Akawa mkali kidogo, kama zamani: "Karanga watu wanakula wanasoma. Karatasi ya daftari la duka haifungiwi kitu."

Nikanunua karanga za mia tano kwa mkwe wake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 wamerudia karatasi. Zangu zilifungwa kwa ukurasa wa hesabu wa mjukuu, za kugawanya, darasa la nne. Mbili alikuwa amekosa.